Namna ya Kuipandisha Jukwaani Opera ya Gluck, Orfeo ed Euridice

Kikundi kinachotaka kujaribu opera ya karne ya 18 yenye kisa cha Kigiriki, na hakina jumba kubwa wala fedha za kuajiri waimbaji wengi, kianze na Orfeo ed Euridice ya Christoph Willibald Gluck. Wanaoimba peke yao ni watatu tu: Orfeo, mwanamuziki aliyefiwa na mkewe na anayekwenda kuzimu kumrudisha, Euridice, mke huyo, na Amore, mungu wa mapenzi. Kazi nyingine yote ni ya kwaya na wachezaji densi. Toleo la kwanza humalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Wengi huisoma nota yake na kudhani ni rahisi. Ni kweli kwamba Gluck na mwandishi wake wa maneno, Ranieri de' Calzabigi, waliondoa kwa makusudi madoido ya koo yaliyokuwa yakiwapa waimbaji wa Italia nafasi ya kujionyesha. Lakini madoido yakiondoka, mwimbaji hana pa kujificha, na mwongozaji pia hana. Rai yangu ni moja na nitairudia: ijenge opera hii juu ya kwaya. Ukipata Orfeo mzuri na kwaya dhaifu, utakuwa na onyesho la nyimbo mbili nzuri na dakika nyingi za kuchosha.

Kwanza, chagua toleo na ushikamane nalo

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea kabla hata ya kuanza mazoezi. Kuna matoleo makuu matatu.

La kwanza ni la Vienna, kwa Kiitaliano, lililoonyeshwa mara ya kwanza katika jumba la maonyesho la Burgtheater tarehe 5 Oktoba 1762. Sehemu ya Orfeo iliandikwa kwa sauti ya alto ya Gaetano Guadagni, mmoja wa wale wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. La pili ni la Paris, kwa Kifaransa, la mwaka 1774. Humo Gluck alimpa Orfeo sauti ya tena (sauti ya kiume) ya juu sana ili aimbe Joseph Legros, na akaongeza nyimbo na densi kwa kuwa watu wa Paris hawakuijua opera isiyo na densi nyingi. La tatu ni la mwaka 1859, pale mtunzi wa Kifaransa Hector Berlioz alipoichanganya kazi hiyo kwa ajili ya Pauline Viardot, mwanamke mwenye sauti nzito.

Kwa kikundi kidogo, chukua la Vienna. Ni fupi, limebana, na halina kitu cha ziada. Kuna kishawishi kimoja kikubwa: ile densi ya roho zenye heri yenye filimbi ya pekee, ambayo huenda ndiyo muziki wa Gluck unaojulikana kuliko wote, ni ya Paris, haimo katika toleo la Vienna. Ile densi kali ya Mafuria, miungu ya kike ya kisasi, mwishoni mwa onyesho la kuzimu nayo ni ya Paris; Gluck aliichukua kutoka kwenye balei yake ya Don Juan ya mwaka 1761. Ukitaka kuongeza filimbi, iongeze ukijua unachofanya, kisha usiongeze kingine. Kila nyongeza hupunguza ule mwendo wa Vienna unaokwenda moja kwa moja kutoka kaburini hadi kuzimu.

Gluck alifariki mwaka 1787, kwa hiyo muziki wenyewe hauna mwenye haki. Nota za zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Chunguza ukurasa kwa ukurasa, kwani chapa nyingi za karne ya 19 zimechanganya Vienna, Paris na Berlioz bila kusema. Ukikuta aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya mbwembwe kwa Orfeo mwishoni mwa sehemu ya kwanza, ujue umeshika mchanganyiko. Chapa ya kitaalamu ya wachapishaji Bärenreiter ni safi, ila hiyo hulipiwa.

Tafuta Orfeo

Leo sehemu ya Vienna huimbwa na mwanamke mwenye sauti ya mezo au alto, au na mwanamume anayeimba kauntatena, yaani kwa sauti ya juu kama ya mwanamke. Njia zote mbili ni halali. Mwimbaji Mwingereza Kathleen Ferrier aliifanya iwe yake hadi Februari 1953, alipoimba kwa mara ya mwisho katika jumba la opera la Covent Garden, London, akiwa mgonjwa sana. Mwenzake Janet Baker aliagana na jukwaa la opera kwa sehemu hiyohiyo, huko Glyndebourne, Uingereza, mwaka 1982.

Katika usaili usimpe mtu wimbo mkubwa, "Che farò senza Euridice". Kila mtu amejiandaa nao. Mpe mwanzo wa opera: kwaya inaomboleza, na Orfeo anaita jina moja tu, "Euridice", mara tatu. Basi. Anayeweza kuita jina hilo mara tatu na kila mara ukaamini kwamba kuna mtu ndani ya kaburi, huyo ndiye. Guadagni mwenyewe alikuwa amejifunza uigizaji London kwa mwigizaji mashuhuri David Garrick, na inaonekana wazi kwamba Gluck aliandika akijua ana mwigizaji mbele yake.

Euridice ni soprano (sauti ya juu ya kike), naye huimba kwa mara ya kwanza sehemu ya tatu. Mchague mwenye nguvu na hasira, asiwe mnyonge. Amore pia ni soprano, mwepesi, mwenye matamshi safi. Usimpe mtu asiyeweza kuigiza kwa sababu tu sehemu ni fupi: ndiye anayetangaza sharti ambalo kisa kizima kinaning'inia juu yake, kwamba Orfeo asimtazame mkewe.

Kwaya: anza hapa, na anza mapema

Waimbaji 16 hadi 24 wanatosha. Wape miezi miwili ya muziki kabla ya kuwaweka jukwaani, na lenga wajue kila kitu kwa moyo ifikapo wiki ya sita. Uandishi wa sauti nne hapa unakwenda pamoja, silabi kwa silabi, kwa hiyo kwaya za kanisa za Afrika Mashariki zilizozoea solfa hazitapata taabu. Andika sehemu za kwaya kwa solfa kama ndivyo watu wako wanavyosoma. Nimeona watu wanaona haya kufanya hivyo kwa sababu ni opera. Hakuna sababu ya haya. Mwimbaji anayesoma haraka anabakiwa na muda wa kuigiza.

Kwaya ina sura tatu. Ni wachungaji na marafiki wa marehemu kaburini, ni Mafuria na mizimu ya kuzimu, kisha ni roho zenye heri za Elysium, pepo ya Wagiriki wa kale. Watu walewale. Usiwabadilishe nguo zote mara tatu, tutafika huko.

Onyesho la Mafuria ndilo moyo wa kazi. Orfeo anafika mlango wa kuzimu na kinanda chake cha nyuzi. Kwaya inamzuia: nani huyu anayethubutu? Nyuzi za okestra zinaruka ghafla kuiga Cerberus, mbwa wa kuzimu, anavyobweka. Orfeo anaomba, nao wanamkatiza kwa neno moja: "No!" Fanya haya:

1. Zoezeni "No!" bila muziki, kwa macho ya kondakta tu, hadi watu 20 watoe pumzi moja. Ikichelewa sauti moja, hofu yote inaisha.

2. Wakati wa kusema "No!" mtu yeyote asisogee. Mwongozaji mgeni hupenda wanyoshe mikono na kuruka. Waache wasimame kama ukuta. Wachezaji densi ndio wahangaike.

3. Soma maneno yao ubeti kwa ubeti na uweke alama pale wanapolegea. Wanaanza kwa vitisho, kisha wanamwita kijana maskini na kumuuliza anatafuta nini, kisha wanashangaa hisia ngeni inayozima ghadhabu yao, mwishowe wanaamuru milango ifunguliwe. Kila hatua ya kulegea ipe badiliko moja la mwili: mabega, kisha vichwa, kisha hatua moja nyuma. Moja tu kila mara. Watazamaji lazima wauone muziki ukishinda kidogokidogo.

4. Mwishoni Gluck anapunguza sauti hadi kimya. Usiijaze nafasi hiyo na kelele za milango.

Kwaya ikae wapi? Mwaka 2007, Metropolitan Opera ya New York iliwaweka waimbaji wa kwaya kwenye ngazi ndefu wakiwa wamevaa kama watu wa historia, huku wachezaji wa mtunzi wa densi Mark Morris wakicheza chini. Mtunzi wa densi Pina Bausch, mjini Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1975, alimpa kila mhusika mwimbaji na mchezaji densi. Ni mifano mizuri ya kazi zenye fedha. Kwa ukumbi mdogo napendelea kwaya iwe jukwaani wakati wote, katika nusu duara, ikimzunguka Orfeo. Haiondoki hata mara moja. Anayeomboleza huzungukwa na watu, na opera hii inalijua hilo.

Okestra na vyombo vya nje

Vyombo vya nyuzi tisa au kumi na tatu, filimbi mbili, obo mbili, fagoti, honi mbili, tromboni tatu, kinubi, tarumbeta na timpani. Hivyo ndivyo vinavyohitajika kwa uchache. Gluck alitumia pia vyombo vya kale vya kupuliza ambavyo hutavipata kirahisi: kornetto kwenye maombolezo ya mwanzo na shalumo kwenye wimbo wa Orfeo wa sehemu ya kwanza. Klarineti inaweza kuichukua shalumo bila aibu. Tromboni usiziache, hata kama bajeti inakubana. Rangi ile ya kaburi hailetwi na chombo kingine.

Piano peke yake inawezekana, ila ongeza kinubi na chombo kimoja cha kupuliza. Sababu ni hii: katika sehemu ya kwanza Gluck anaweka okestra ndogo nje ya jukwaa, inayomjibu Orfeo kama mwangwi kila anapomwita mkewe. Katika kuzimu, kinubi na nyuzi za Orfeo nazo ziko kando na okestra kuu inayobaki na Mafuria. Nafasi hiyo kati ya sauti mbili ndiyo tamthilia yenyewe. Weka wapigaji wa mwangwi kwenye korido au nyuma ya watazamaji, wape skrini ndogo yenye picha ya kondakta, na wazoeze ndani ya ukumbi halisi. Umbali huchelewesha sauti. Waambie watangulie kidogo na wafuate macho badala ya masikio.

Lugha

Imbeni kwa Kiitaliano na muweke tafsiri ya Kiswahili juu ya jukwaa, au tafsirini yote. Mwimbaji wa Kiswahili ana bahati na Kiitaliano, kwani irabu zake ziko karibu na zetu na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Angalieni mambo mawili: konsonanti zinazorudiwa hushikiliwa kidogo, na jina la mke hutamkwa "E-u-ri-DI-che".

Mkitafsiri ili muimbe, anzeni na maongezi ya kuimba kati ya nyimbo. Gluck ameyaandikia okestra badala ya kuyaachia harpsikodi (kinanda cha kale) peke yake, kwa hiyo silabi zikizidi hamwezi kuzipenyeza ovyo. Maneno yetu ni marefu. Toeni maana kwa maneno machache na muache kishazi kizima kianguke kuliko kubana silabi nane mahali pa tano. Tafsiri ya juu ya jukwaa iwe mistari miwili kwa wakati mmoja, na izimwe kabisa wakati Orfeo anaita jina la mkewe.

Mandhari, taa na maleba

Vitu vitatu vinatosha: kaburi, lango na ngazi. Kaburi la sehemu ya kwanza ligeuzwe kuwa lango la kuzimu, nalo likifunguka ndiyo njia ya Elysium. Taa ndizo zifanye kazi kubwa. Orfeo anapoingia Elysium anaimba "Che puro ciel", akistaajabia anga safi na jua angavu, huku obo ikiimba juu ya nyuzi na filimbi zinazotiririka. Mwongozaji aliyeweka mwanga mwingi kaburini na kuzimuni hatakuwa na kitu cha kumpa hapo. Anza giza kuliko unavyodhani inafaa, ili dakika hiyo iwe na uzito.

Maleba ya kwaya: vazi moja la rangi ya udongo na kitambaa kikubwa. Kitambaa ni kilemba cha msiba, kisha ni kifuniko cha uso cha Mafuria, kisha kinaachiwa kianguke. Moshi wa mashine hukausha koo. Uwashe kabla ya onyesho la kuzimu na uuzime kabla kwaya haijafungua kinywa.

Densi zisiwe mapambo kati ya nyimbo. Gasparo Angiolini, aliyezitunga Vienna, alitaka densi isimulie kisa. Kama huna wachezaji wa kutosha, kata densi za mwisho kabla ya kugusa za kuzimu.

Kutazama nyuma

Hapa watu wote katika ukumbi wanajua kitakachotokea, na bado lazima wasitake kitokee.

Sharti la Calzabigi ni kali kuliko la washairi wa Kirumi waliosimulia kisa hiki, Virgil na Ovid. Orfeo haruhusiwi kumtazama mkewe hadi watoke kuzimu, wala haruhusiwi kumweleza kwa nini. Kwa hiyo sehemu ya tatu ni ugomvi wa ndoa gizani. Euridice amefufuka, anaona mume anayemvuta mkono bila kumtazama, na anahitimisha kwamba hapendwi tena. Ana haki. Ndiyo maana nilisema achaguliwe mwenye hasira.

Waongozaji wengi humfunga Orfeo kitambaa machoni. Siipendi njia hiyo hata kidogo. Aliyefungwa macho hajizuii chochote. Hana la kushinda. Macho yawe wazi. Muweke Orfeo mbele, karibu na watazamaji, uso kwao, na Euridice nyuma yake kwa mshazari, si moja kwa moja, ili sauti yake isizibwe na mwili wa mwenzake na wote wawili wamwone kondakta. Katika dueti wape nafasi ya kugusana mikono mara moja, na anayeiachia awe Orfeo.

Katika mazoezi, mkataze mwimbaji wa Orfeo kumtazama mwenzake kwenye sehemu hii kwa majuma kadhaa, hata wakati wa maelekezo. Mtazamo wa kwanza uachie mazoezi ya mfululizo yenye okestra. Utaona wenyewe wanavyobadilika.

Gluck haupigii mtazamo huo tarumbeta. Unatokea katikati ya maongezi ya kuimba, kwa haraka, na Euridice anakufa kwa maneno machache. Usiongeze radi, usizime taa zote. Ageuke, amwone, na muda wa pumzi moja awe na furaha kamili usoni. Furaha hiyo ndiyo inayoumiza.

Kisha inakuja "Che farò senza Euridice", yaani "Nitafanya nini bila Euridice", wimbo wa mtu aliyepoteza kila kitu, katika C meja, ngazi ya sauti ambayo mara nyingi husikika changamfu. Tangu zamani watu wamelalamika kwamba hausikiki wa huzuni. Mwaka 1854 mhakiki Eduard Hanslick aliutumia kama ushahidi kwamba melodia yenyewe haisemi huzuni wala furaha. Gluck mwenyewe alijua hatari, akaandika mwaka 1770 kwamba badiliko dogo tu la namna ya kuuimba lingeugeuza kuwa densi ya vikaragosi. Kwa hiyo amueni mwendo mapema: usiwe wa kukimbia, wala usiburutwe kama maombolezo. Kiitikio kinarudi mara tatu. Cha kwanza aimbe kama anayeuliza swali ambalo bado anatarajia jibu. Cha pili kiwe kidogo zaidi. Cha tatu aachilie sauti yote aliyonayo. Kati ya viitikio anamwita mkewe, na kimya baada ya wito huo kihesabiwe na kuheshimiwa na kondakta.

Mwisho wenye furaha

Katika masimulizi ya kale Euridice harudi. Kwa Gluck, Amore anamzuia Orfeo asijiue na kumrudisha Euridice hai, kisha kwaya inausifu upendo. Opera ilitayarishwa kwa sherehe ya siku ya jina la Kaisari Francis I, na sherehe ya namna hiyo haikuweza kumalizwa kwa maiti jukwaani.

Usiukate mwisho huu ili kuonekana wa kisasa. Muziki upo, na ukiuondoa opera inabaki imeinama upande mmoja. Unachoweza kufanya ni kumpa Orfeo muda wa kutoamini. Amore akimwambia mkewe yu hai, asigeuke mara moja. Safari iliyopita kugeuka kulimuua. Acha Euridice azunguke na kuja mbele yake mwenyewe, amtazame yeye kwanza. Baada ya hapo kwaya inaweza kuimba "Trionfi Amore" kwa sauti kamili na hakuna atakayehoji.

Jambo hili linarudi pia mwanzoni. Ovatua, muziki wa okestra wa ufunguzi, ni changamfu mno, haina hata kivuli cha msiba unaofuata. Ukiona inafaa, onyesha humo harusi ya wawili hao, na Euridice akiumwa na nyoka kwenye mapigo ya mwisho, kama Ovid anavyosimulia. Watazamaji watakuwa wamemwona akicheka, na hawatamsubiri hadi sehemu ya tatu ndipo wajue nani aliyezikwa.

Wiki ya mwisho

Siku mbili za taa bila waimbaji. Siku moja ya waimbaji na okestra wakiwa wamekaa, bila kuigiza. Mazoezi mawili ya mfululizo na maleba, na kati yake siku ya mapumziko kwa Orfeo, ambaye huwa jukwaani karibu muda wote. Msimamizi wa jukwaa awe na nakala ya nota, si ya maneno tu, kwa kuwa amri zote za taa zinafuata muziki. Onyesheni bila mapumziko; mkilazimika, yawe baada ya Elysium, kamwe yasiwe kati ya Mafuria na "Che puro ciel". Na pazia likifungwa, kwaya ndiyo itangulie kuinama mbele ya watazamaji, kisha wachezaji na wapigaji, waimbaji watatu wafuate.